Bushi za poli au raba kwenye gari la zamani: chagua bushi moja moja, usichague rangi

Mtaimbo (mwanzisha uzi), Dar es Salaam

Habari zenu wakuu.

Kila baada ya siku chache anaingia mtu humu na swali lilelile: gari linagonga kwenye rasta, tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani, fundi kasema bushi (vile viungio laini kati ya vyuma vya chini vya gari) zimekufa, je, nifunge za raba au za poli, yaani poliyurethani? Majibu huwa mawili. Wa kwanza anasema funga poli usahau. Wa pili anasema poli ni za magari ya mashindano, zitakuvunja kiuno. Mwenye gari anabaki palepale, mwisho ananunua seti nzima kwa sababu duka lina seti nzima. Linaniuma, maana ni hela nyingi, na nusu ya hizo bushi hazikuwa na haja ya kuwa poli.

Mfano wangu ni Subaru Forester SG5, ile ya 2002 hadi 2007, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu hadi bolti ya mwisho na imejaa barabarani. Mwenye Corolla au Mark II asome tu, kanuni ni zilezile.

Tuanze na raba, maana huwezi kujua kama unahitaji poli kama hujui raba inafanyaje kazi. Bushi ya kiwandani ina vitu vitatu: bomba la chuma la nje, bomba dogo la ndani ambamo bolti inapita, na raba katikati iliyogandishwa kwa joto kwenye mabomba yote mawili. Bushi hii haizunguki. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani limebanwa, haliendi popote. Aamu (mkono wa chuma unaoshika tairi) ikipanda na kushuka, raba yenyewe ndiyo inayojinyonga kisha inarudi. Ndiyo maana haitaki grisi, haipigi kelele, na inaweza kuyumba kidogo kila upande bila kulalamika.

Sasa angalia kinachofanyika gereji. Gari liko juu ya jeki, tairi zinaning'inia, aamu imeshuka hadi mwisho. Fundi anaingiza bushi mpya na kukaza nati hapohapo kwa nguvu zake zote. Gari likishushwa, aamu inapanda kwenda mahali pake pa kila siku, na raba inanyongwa. Umeegesha, umezima injini, umelala, lakini bushi imenyongwa usiku kucha. Ukipiga shimo asubuhi inanyongwa zaidi ya pale ilipoishia uwezo wake. Itachanika mapema, nawe utarudi dukani ukisema spea za siku hizi ni feki. Kuna feki, sikatai. Ila nyingi zimeuawa na spana.

Nati za bushi za raba zinakazwa mara ya mwisho gari likiwa limebeba uzito wake. Kama gereji haina shimo la kuingia chini, fundi aweke jeki chini ya aamu karibu na boljointi (kiungo cha ncha ya aamu upande wa tairi), aipandishe taratibu hadi bodi ianze kuinuka kutoka kwenye stendi, ndipo akaze. Msimamie. Ni kazi ya dakika chache tu. Kwa hiyo kabla hujaikimbia raba, uliza zile za mwisho zilikazwa gari likiwa hewani au chini.

Poli inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Haijagandishwa na chuma. Mara nyingi inakuja vipande viwili vyenye kola, vinaingia huku na huku, kisha bomba la chuma linapita katikati. Aamu ikipanda, poli inazunguka juu ya lile bomba. Haina cha kunyongwa, kwa hiyo haifi kwa kosa la kukazwa hewani. Oili ikivuja juu yake inastahimili kuliko raba. Inashika aamu mahali pake, gari linatulia unapofunga breki, na pembe za matairi hazihami hovyo. Upande wa pili: inataka grisi, ikikauka inalia, inapitisha mtetemo mwingi zaidi kwenye bodi, na inapenda kuzunguka kwenye mhimili mmoja tu. Ukiilazimisha ipinde pembeni inagoma, na ikigoma kuna chuma kitakachoumia badala yake.

Hapo ndipo penye uamuzi. Shika kila bushi ya gari lako na ujiulize: hii inazunguka upande mmoja, au inazunguka huku inapinda?

Kwenye SG5, aamu ya chini ya mbele ina bushi mbili. Ya mbele ni ndogo, inafungwa kwenye krosimemba (boriti ya chuma iliyokatiza chini ya gari). Ya nyuma ni kubwa, ina nyumba yake iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi, na aamu ina pini inayoingia katikati yake. Zote mbili mhimili wake umeelekea mbele na nyuma ya gari, kwa hiyo aamu ikipanda zinazunguka tu. Hapa poli inafaa sana, hasa ile kubwa ya nyuma, maana ikichoka unaona tairi inarudi nyuma kwenye machi (uwazi wa bodi unaoifunika tairi) kila unapofunga breki. Kama una hela ya bushi mbili tu za poli, weka hizo kubwa, kulia na kushoto.

Bushi za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona): weka poli bila mawazo. Fimbo inazunguka ndani yake, basi. Ila pima unene wa fimbo kwa kalipa kwanza, kwa sababu hazilingani kati ya toleo na toleo, na poli haibonyei kukusaidia kama raba. Bushi za reki ya usukani nazo ni mahali pazuri. Ukiona usukani una mchezo na boljointi pamoja na tairodi ni nzima, angalia hapo.

Nyuma ndipo watu wanapoharibu. Kila tairi ya nyuma ya SG5 imeshikwa na fimbo mbili za ubavuni pamoja na treilingi aamu inayokwenda mbele. Fimbo za ubavuni zinataka tairi ipande kwa mwendo wa upinde mmoja, treilingi aamu inataka upinde mwingine. Wanaopatanisha ugomvi huo ni bushi za treilingi aamu, kwa kupinda. Ukizijaza poli ngumu, nyuma inakuwa nzito kupanda, unasema shokapu zimekufa, kumbe bushi ndizo zinazobana. Hapo mimi naacha raba orijino, zimekazwa gari likiwa chini. Najua viwanda vinauza poli za sehemu hiyo pia. Kwa gari la kwenda kazini na shamba, sioni sababu.

Ugumu unapimwa kwa skeli ya Shore A. Raba nyingi za kiwandani ziko kati ya 50 na 70 hivi. Poli za barabarani zinaanzia karibu 70 hadi 80 na ushee, za mashindano zinafika 95. Rangi peke yake haikwambii ugumu, kila kampuni ina rangi zake. Powerflex wa Uingereza, SuperPro na Whiteline wa Australia, Energy Suspension wa Marekani, hawa wote wana katalogi inayotaja gari na sehemu. Soma katalogi kwa namba ya chasisi, usisome picha.

Karibuni kwa maswali. Mwenye uzoefu tofauti aulete.

---

BintiChumbageni, Tanga

Asante sana kaka, uzi wa maana huu. Mimi nina SG5 niliyoinunua ikiwa tayari imefungwa poli mbele na mwenye gari wa kwanza. Inashika barabara vizuri sana, sina lawama, lakini inalia kila ninapopita tuta, hasa asubuhi. Nakorogeka. Gereji niliyokwenda wakanipulizia oili ya kulegeza kutu, ikanyamaza siku mbili ikarudi. Nitoe zote nirudishe raba?

---

Mtaimbo

Dada, usizitoe bado. Ile ya kupuliza inaosha hata grisi iliyobaki ndani, ndiyo maana sauti imerudi.

Anza na bushi za stabilaiza, ndizo zinazolia mara nyingi kuliko zote na ndizo rahisi kufungua: kikamata chake kina bolti mbili tu. Zina mkato upande mmoja, unazifungua bila kutoa fimbo. Futa, angalia kama kuna mchanga (mchanga wa pwani ndio msasa wenyewe), sugua kutu kwenye fimbo, kisha paka grisi nzito ya silikoni. Ile inayonata kidoleni na haitoki kwa maji. Grisi nyekundu ya beringi itakupa nafuu ya muda tu, mvua inaiondoa. Ukishafanya hivyo, bonyeza gari kwa mkono upande wa mbele huku mtu mwingine ameweka sikio karibu na tairi. Ikinyamaza, umemaliza. Ikiendelea, sauti inatoka kwenye aamu ya chini, na hapo itabidi aamu ifunguliwe, kila bomba la ndani litolewe, lisafishwe na kupakwa upya.

Na wakishafungua, waangalie lile bomba la ndani. Ukiona limechimbika au lina kutu, msasa laini hautoshi, tafuta jipya, maana bomba lenye makovu linakula poli kutoka ndani.

---

Mzee80, Arusha

Salamu wakuu. Nimesoma kwa makini. Mimi nina Land Cruiser 80, imeinuliwa kidogo, na tangu iinuliwe usukani haurudi vizuri wenyewe baada ya kona, na ikifika spidi ya barabara kuu inatangatanga. Nimeshauriwa nibadilishe bushi zote za mbele niweke poli ngumu. Mnasemaje?

---

Mtaimbo

Shikamoo mzee.

Hilo si suala la ugumu wa bushi, ni kasta. Kwenye 80 ekseli ya mbele imeshikwa na redias aamu mbili zinazokwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Ukiinua gari, ncha ya nyuma ya aamu inapanda pamoja na chasisi, ekseli inazungushwa, na kasta, ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe, inapungua. Unaweza kuweka poli ngumu kuliko zote duniani na usukani usirudi, kwa sababu pembe bado imepotea.

Dawa yake ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, zinazokaa upande wa ekseli, zinairudisha pembe. Zipo za raba na zipo za poli. Na hapa ningekuomba sana mzee uchague raba, au suluhisho lingine la kasta linalokuachia raba. Angalia jinsi redias aamu ilivyo: imeikamata ekseli kwa bushi mbili, mbele na nyuma ya ekseli, kisha moja kwenye chasisi. Tairi moja ikipanda jiwe na nyingine ikishuka, ekseli nzima inajipinda kati ya zile aamu mbili, na kinachoiruhusu ni raba. Poli ngumu itaizuia, tairi itanyanyuka mapema porini, na nguvu yote itakwenda kwenye mabano ya ekseli.

Poli weka kwenye fimbo ya panadi (inayozuia ekseli isihame pembeni) na stabilaiza, hapo inakubali. Ukimaliza, pima pembe kwa mashine, usikubali fundi akuambie kwa macho kwamba imekaa sawa.

---

Mzee80

Marahaba kijana. Nimekuelewa, ile ya kubadilisha zote naiacha. Kumbe ndiyo maana wenye 80 za porini tupu wengi bado wana raba.

---

MoranWaRongai, Nairobi

Ndugu zangu, salamu kutoka huku. Poli za kuagiza bei iko juu kushinda raba mara kadhaa, na ukiongeza usafiri na ushuru unaweza kuacha tu. Ukienda Kirinyaga Road utapata raba za kila aina, lakini pia kuna mafundi mjini ambao wanakukerezea bushi kwa mashine kutoka kwa nondo ya plastiki ngumu. Unawapelekea aamu, jioni unarudi nayo. Wengine wanasema ni poli, wengine wanasema ni nailoni. Inasaidia ama ni kujiumiza?

---

Mtaimbo

Swali zuri sana ndugu, na huku kwetu ni hivyohivyo. Ukitoka mtaa wa Gerezani hapa Dar na aamu mkononi hukosi wa kukukerezea.

Kwanza ujue ni nini. Poli ya kweli ukiibonyeza kwa ukucha inakubali kidogo na kurudi. Ukichukua kipande cha kola ukakipinda, kinapinda na kurudi. Nailoni haipindi hivyo, ukiigonga mezani inatoa sauti kavu ya juu, na ikikatwa inatoa nyuzi ndefu ngumu. Nailoni ni ngumu kiasi kwamba skeli ya Shore A haiifai tena, inapimwa kwa Shore D. Ukiiweka kwenye aamu, hakuna kinachomeza kishindo cha shimo. Kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye bolti na mabano ya krosimemba, na kwenye gari la umri huo chuma kina kutu tayari. Sishauri hata kidogo.

Kama ni poli kweli na fundi ana mkono mzuri, inaweza kukufikisha mbali. Lakini pima kitu kimoja kwa kalipa kabla ya kulipa: bomba la chuma la ndani lazima liwe refu kuliko poli kwa unywele tu, ncha zake zichungulie nje. Bolti ikikazwa inapaswa ibane chuma juu ya chuma, na poli ibaki huru kuzunguka. Bomba likiwa fupi, bolti inabana poli yenyewe, aamu inakuwa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua, na bolti inalegea kila poli inapobonyea. Hata za kuagiza zenye jina la bandia nimeziona na kasoro hiyohiyo. Baada ya kufunga, kabla ya kurudisha shokapu, inua aamu kwa mkono. Inatakiwa isogee kwa uzito kidogo ila bila kukwama.

---

MoranWaRongai

Sawa kabisa. Nitabeba kalipa. Na kuhusu kutoa ya zamani? Fundi wangu anachoma moto.

---

Mtaimbo

Mwambie aache. Moshi wa raba ni sumu, na kama aamu ni ya aluminiamu moto unaua ugumu wake, huoni kwa macho lakini imeshadhoofika. Presi ndiyo njia. Kama hana presi, bolti ndefu na soketi mbili zinatosha kuivuta nje.

Soma karatasi iliyokuja na seti kwanza. Kuna poli zinazotaka utoe kila kitu, na kuna zinazotaka uache lile bomba la nje la zamani na utoe raba tu. Nimeona watu wamelikata bomba kwa msumeno kisha wanagundua poli inacheza ndani ya tundu.

---

BintiChumbageni

Nimerudi wakuu. Zilikuwa za stabilaiza, kaka, kama ulivyosema. Nimezisafisha na kuzipaka silikoni, gari limenyamaza. Swali la mwisho: kuna mtu aliniambia poli haifai pwani, kwamba unyevu unaifanya iwe kama unga. Ni kweli?

---

Mtaimbo

Hongera dada!

Ni kweli kwa baadhi, si kwa zote. Poliyurethani imekuwepo tangu Otto Bayer na wenzake walipoitengeneza Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na iko ya namna nyingi. Kwa bushi tunajali familia mbili. Moja imejengwa kwa poliesta: ni imara, inastahimili kukwaruzwa na mafuta, lakini joto na unyevu vikikutana kwa muda mrefu maji yanavunja minyororo yake taratibu, inapasukapasuka na kumeguka. Nyingine imejengwa kwa polietha, hii inaustahimili unyevu vizuri zaidi. Kwa Tanga, Dar, Mombasa au Zanzibar, uliza muuzaji ni ipi. Akishindwa kukujibu, na paketi haina jina la kiwanda wala namba, iache dukani. Zako ukizitazama kola zake na hazina nyufa ndogondogo wala hazibaki unga kidoleni, endelea kuzitumia.

---

Kijana wa GX110, Morogoro

Samahani wakuu naingilia. Mimi gari langu ni Mark II GX110, mbele inagonga kwenye rasta tu, lami safi haisemi kitu. Fundi anataka nibadilishe bushi zote za aamu. Sina hela ya kubahatisha.

---

Mtaimbo

Mdogo wangu, usinunue chochote bado. Kugonga kwenye matuta madogo ya haraka mara nyingi ni linki za stabilaiza (vifimbo vifupi vinavyoshika ncha zake) au boljointi, si bushi za aamu. Linki za stabilaiza ni rahisi: zitoe zote mbili, endesha polepole kwenye rasta ileile. Sauti ikipotea umempata mchawi, na bei yake haifanani kabisa na ya bushi. Endesha kwa tahadhari, gari litalala zaidi kwenye kona.

Sauti ikibaki, ingia chini gari likiwa limesimama kwenye tairi zake. Chukua mtaimbo, uweke kati ya aamu na krosimemba, sukuma kidogo huku ukitazama raba kwa tochi. Kusogea kidogo ni kawaida, ndiyo kazi yake. Nyufa za juujuu kwenye raba ya zamani pia ni kawaida. Unachotafuta ni raba iliyoachana na chuma, mwanga unaopenya katikati, au bomba la ndani kugonga la nje. Kisha mwenzako awashe gari, akanyage breki, aingize D na kuachia kidogo, halafu R hivyohivyo, nawe umesimama pembeni mbali na njia ya gari ukitazama tairi ndani ya machi. Ikienda mbele na nyuma waziwazi, bushi zimekwisha.

Zikiwa zimekwisha, kwa gari hilo na matumizi yako, weka raba nzuri, ukiweza orijino, kulia na kushoto kwa pamoja, na umsimamie fundi akaze gari likiwa chini. Halafu peleka alaimenti siku hiyohiyo, kabla tairi hazijaanza kuliwa.

---

Kijana wa GX110

Ilikuwa linki ya kushoto, mkuu. Raba yake ya juu haipo kabisa. Nimeweka mpya pande zote mbili, na nimetazama bushi za aamu kwa tochi: zina nyufa za juu tu, hazijaachana. Naziacha.

---

Mtaimbo

Ziache. Zitazame tena ukibadilisha oili.